Wiki tano za kusubiri majibu, na njia iliyotufikisha kwa mpiga ramli

Uzi ulikuwa mweusi, wa pamba, una mafundo saba. Mdogo wangu aliuvaa mkono wa kushoto, na kila alipooga aliuinua ule mkono juu usilowe, kwa kuwa tuliambiwa ukilowa kabla ya siku arobaini kazi yote imeharibika. Nilimwona kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Siku zile tulikuwa tunaogopa kumwacha peke yake, na ule mkono ulioinuliwa haujanitoka machoni hadi leo. Aliyemfunga ule uzi ni mimi.

Imepita miaka mitatu. Naandika kwa ajili yako wewe unayengoja jambo zito sasa hivi, ambaye umeanza kuona ishara kila ukigeuka na huna wa kumwambia.

Kwetu ilianza na uvimbe shingoni. Haukuuma. Daktari aliupapasa, akaagiza kipande kidogo kikatwe kipelekwe maabara, akasema majibu yatatoka baada ya siku kumi na nne. Siku ya kumi na nne tukaambiwa bado. Ya ishirini, bado. Baadaye sana ndipo ikajulikana kwamba kipande kile kilipotea njiani, na hakuna aliyetuambia mpaka mama alipokataa kuondoka dirishani, ndipo wakafuatilia na kutupigia simu. Ikabidi mdogo wangu akatwe upya. Jumla zikawa wiki tano na siku kadhaa, na muda wote huo neno saratani lilikaa nasi nyumbani, likala nasi, likalala nasi, bila mtu kulitamka.

Kazi yangu ni uhasibu. Kila siku nashughulika na vitu vinavyolingana au visivyolingana. Ila kufika wiki ya pili nilikuwa na sheria zangu za siri: simu ikipokelewa kabla ya mlio wa nne, ni heri; ukipita mlio wa nne, nakata na kupiga upya. Blauzi niliyovaa siku ya kukatwa kile kipande niliikunja nikaificha chini ya kabati. Nikiota maji, asubuhi siongei na mtu hadi niyatafsiri. Sikumweleza yeyote, nikidhani ni mimi tu. Kumbe mama naye alikuwa na zake, na mdogo wangu mwenyewe alikuwa akihesabu vigae vya korido ya hospitali, akiomba viishe kwa shufwa.

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza, na wengi tunaichukua methali hiyo kama maneno ya kumfariji mgeni aliyepotea njia. Mimi sasa naisoma kama maelezo ya maradhi. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kubahatisha kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo, mchezaji anapata mshtuko mdogo wa umeme mkononi. Wakapima jasho na mboni za macho. Ungetarajia waliojua kwa hakika kwamba mshtuko unakuja ndio wahangaike zaidi. Sivyo ilivyokuwa. Waliohangaika kuliko wote ni wale ambao uwezekano wao ulikuwa nusu kwa nusu. Mwili unastahimili baya linalojulikana kuliko lisilojulikana. Niliposoma hayo nililia, maana niliukumbuka usiku mmoja wa wiki ya tatu nilipojikuta naomba, naona aibu kulisema, majibu yawe mabaya basi, ilimradi yatoke.

Mtu akifika hapo, yuko tayari kumfuata yeyote mwenye jibu. Mfa maji haachi kutapatapa, na ukimcheka kwa kushika unyasi hujamwelewa, kwa sababu hashiki unyasi akidhani ni boti. Anashika kwa sababu mikono inataka kitu.

Tusidhani kwamba huu ni ujinga wa watu wasiosoma. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand katika Pasifiki kati ya 1915 na 1918. Aliona kwamba wakivua ndani ya wangwa, ambako maji yametulia na samaki ni wa uhakika, hawafanyi uganga wowote. Wakitoka bahari kuu, ambako mtu anaweza asirudi, kila hatua ina kago na maneno yake. Ni watu walewale, wenye akili ileile. Kilichobadilika ni kina cha maji. Tangu niijue habari hiyo, nikimsikia mtu ameanza kwenda kwa waganga, swali langu la kwanza ni ametoka bahari gani.

Na bahari kuu huwafikia hata wakubwa. Rais Ronald Reagan wa Marekani alipigwa risasi tarehe 30 Machi 1981, na baada ya hapo mkewe, Nancy, akawa anampigia simu mnajimu aitwaye Joan Quigley ili ajue siku zipi ni salama kwa mumewe kusafiri na kuhutubia. Dunia ilikuja kujua mwaka 1988, watu wakacheka sana. Mimi siwezi kumcheka. Mumewe alikuwa amenusurika kifo mchana kweupe, katikati ya walinzi. Alikuwa mke mwenye ulinzi wote wa dunia aliyejua kwamba hautoshi. Sir Oliver Lodge, mwanafizikia wa Uingereza aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa mawasiliano ya redio, alimpoteza mwanawe Raymond vitani mwaka 1915, naye akakaa na watu waliodai kuzungumza na wafu, akiamini anaisikia sauti ya mtoto wake. Elimu haikumkinga. Pengine hata ilimsukuma: mtu aliyezoea kupata majibu huumia vibaya zaidi yanapokosekana.

Basi turudi kwetu. Wiki ya tatu shangazi alileta jina la mpiga ramli. Alilileta kwa upendo, akinong'ona, na alikuwa ameshalipa nauli yetu. Nikakubali haraka kuliko nilivyowahi kukubali jambo lolote.

Nataka nikueleze kwa uaminifu kilichotokea kule, kwa sababu wanaotuonya dhidi ya wapiga ramli husahau sehemu hii. Yule mzee alimsikiliza mdogo wangu karibu saa mbili nzima. Alimuuliza analalaje. Akamuuliza anaota nini, na akingoja jibu bila kuangalia saa. Alimuuliza ni lini mara ya mwisho alicheka. Kwa wiki tatu tulikuwa tumeongea na watu waliotutazama juu juu wakiwa wameshika faili, na mimi dada mtu sikuwa nimethubutu kumuuliza hata swali moja kati ya hayo. Mdogo wangu alilia pale chini kama mtoto, kisha usiku ule akalala fofofo kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo dawa tuliyoipata, na ilikuwa dawa kweli. Kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa sisi kuitafuta huko, nianze na mimi.

Baada ya kumsikiliza, akamwaga kete. Akasema: "Namwona mwanamke. Hayuko mbali. Mnakula naye, anacheka nanyi, ila moyo wake haujatulia tangu lilipopita jambo fulani, la mali au la mtoto."

Hakutaja jina. Mama aliniangalia, nami nikamwangalia, na papo hapo sote wawili tulikuwa tumeshamfikiria mtu mmoja: wifi yangu, mke wa kaka yetu mkubwa.

Nimerudia maneno yale kichwani mara nyingi. Yaweke katika ukoo wowote ulimwenguni, yatapata mwenyewe. Ni ukoo gani usio na mwanamke aliye karibu? Ni nani asiyewahi kupitiwa na jambo la mali au la mtoto? Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo "yake" na kuwaomba wayape alama, tano ikiwa ya juu kabisa. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi ileile, yenye sentensi nyingi alizozitoa katika kitabu cha unajimu. Maneno yaliyo wazi kiasi cha kumtosha kila mtu huonekana yameshonwa kwa kipimo chako, hasa ukiwa umekuja na jeraha. Yule mzee alitupa nguo isiyo na kipimo. Tuliomvisha wifi ni sisi.

Na kwa nini tulimvisha haraka vile? Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo lote, na ndipo ninapotaka ukae nami kidogo. Mwanaanthropolojia wa Uingereza Evans-Pritchard, aliyefanya utafiti kwa Wazande wa kusini mwa Sudan miaka ya 1920, alieleza habari ya ghala la nafaka linaloanguka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini chini yake. Mzande anajua vizuri kwamba nguzo zimeliwa na mchwa. Anajua pia kwamba watu hukaa chini ya ghala kukwepa jua. Anachouliza ni kwa nini liliangukia watu hawa, saa hii. Mchwa hawana jibu la hilo. Uchawi unalo. Hospitali, hata ikifanya kazi yake vizuri, itakuambia habari za mchwa. Itakueleza seli, itakueleza vimelea. Swali la mama yangu lilikuwa "kwa nini binti yangu, na si mwingine", na jibu la kweli, kwamba hakuna sababu, ni chungu kuliko jibu la uongo lenye uso na jina. Mtu mwenye jina unaweza kumkabili, unaweza kumnunia, unaweza kufunga mlango. Bahati huwezi kuifungia mlango.

Tulifunga mlango, basi. Wifi alikuja kumwona mgonjwa, tukamwacha sebuleni peke yake, hakuna aliyetoka chumbani. Akakaa. Nilimsikia akikohoa mara moja, kisha nikamsikia akifungua mlango na kuurudisha polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Hakujua kosa lake kwa miezi minane.

Kulikuwa na madhara mengine, na haya yangeweza kuua. Yule mzee alisema dawa mbili hazikai tumbo moja, tusirudi hospitali mpaka siku arobaini ziishe. Siku mbili baadaye tulipigiwa simu kwamba kipande kimepotea, aje akatwe tena. Tulikaa siku tisa bila kwenda. Siku tisa! Mama ndiye aliyevunja, akasema kama ni kosa alibebe yeye, na kesho yake alfajiri akampeleka.

Majibu yalikuwa kifua kikuu cha tezi. Vidonge vya miezi sita. Uvimbe ulianza kunywea, na ulipofika mwezi wa nne huoni kitu. Uzi alikuwa bado anao mkononi kwa muda mrefu wa matibabu, na shangazi hadi leo anaamini ni uzi. Sibishani naye. Mwaka huohuo wa 1948, mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliwaweka njiwa wanane wenye njaa katika masanduku yaliyoachia punje kila baada ya muda maalumu, hata njiwa afanye nini. Sita kati yao wakazua "ibada". Mmoja alikuwa akizunguka tu sanduku, kwa sababu chakula kilimkuta akizunguka, naye akashika kwamba kuzunguka ndiko kunakoleta chakula. Uzi wetu ulikuwepo vidonge vilipofanya kazi. Kwa macho yaliyochoka kwa hofu, vitu viwili vilivyokuwepo pamoja ni kimoja kimezaa kingine.

Sasa ninachokushauri, kama uko ndani ya ngoja-ngoja yako.

Kabla ya yote, kata giza vipande. Sisi tulikuwa tukiuliza "majibu tayari?" na kurudi na "bado", na ile "bado" moja iliacha nafasi ya vitisho elfu. Maswali ambayo yangetusaidia yalikuwa madogo: kipande kiko maabara ipi, kilipokelewa tarehe gani, nani ameweka sahihi, yasipotoka siku fulani nimwone nani. Tungeuliza swali la pili tu, tungejua wiki ya kwanza kwamba hakikufika. Iwe ni kesi mahakamani, iwe ni kazi uliyoomba, iwe ni ndugu aliyesafiri akanyamaza, daima kuna sehemu ya lile giza ambayo ni uzembe wa mtu fulani tu, na hiyo inaondolewa kwa swali lenye tarehe. Andika majibu. Usitegemee kichwa chako wakati huo.

Itabaki sehemu isiyojulikana kwa yeyote. Hapo usijidai jabali. Mikono inataka kitu, ipe kitu. Kama unasali, sali kwa saa maalumu. Kama husali, tembea njia ileile kila jioni, fua, panga, andika ukurasa mmoja. Wavuvi wa Trobriand hawakuacha kukagua mitumbwi kwa sababu ya kago. Walifanya yote mawili, na ndiyo maana siwezi kusema kila desturi ya mwenye hofu ni mbaya. Hata sheria yangu ya milio minne ya simu haikumdhuru mtu. Kipimo changu ni hiki: desturi inayokutuliza bila kumgusa mwingine, bila kukutoa kwenye matibabu au kazi yako, na bila kukufilisi, iache iwepo. Siku ikikudai kimoja kati ya hivyo vitatu, imegeuka kitu kingine.

Na jina, ndugu yangu, usilipokee. Hili nalisema nikiwa nimekushika mkono. Akikupa mtu dua, akikupa mtu maji, akikupa uzi, unaweza kuja kuvitupa. Jina la adui huwezi kulitupa. Anapoanza "namwona mtu", simama, shukuru, ondoka. Ukishindwa kuondoka, basi usimtazame uliyekuja naye, kwa maana macho yenu ndiyo yatakayomchagua mtu.

Kuna jambo moja zaidi nililolipata katika utafiti wa Jennifer Whitson na Adam Galinsky wa mwaka 2008. Waliwafanya watu wahisi wamepoteza udhibiti, kisha wakawaonyesha picha za madoadoa matupu. Watu hao waliona maumbo ambayo hayakuwepo, wakaona na njama zisizokuwepo katika hadithi walizosoma. Lakini walipopewa nafasi ya kufikiri kuhusu jambo wanalolithamini sana maishani mwao, maono hayo yalipungua. Hawakurudishiwa udhibiti wowote. Walikumbushwa tu wao ni akina nani. Kwa hiyo nikiwa na mtu anayengoja, namwuliza kuhusu kazi yake, wanafunzi wake, mashairi yake, chochote kilichokuwa chake kabla ya hofu kuingia. Si kumpotezea muda.

Kama wewe ndiye unayemtazama ndugu yako akielekea huko, usimwambie ni ujinga. Nilimsikia mjomba akimwambia mdogo wangu hivyo, na kilichobadilika ni kwamba akaanza kuuficha uzi ndani ya mkono mrefu wa nguo. Watu wa kusini mwa Tanganyika waliokunywa maji ya Kinjikitile Ngwale mwaka 1905 wakiamini risasi za Wajerumani zitageuka maji hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wameonewa wakakosa silaha ya kulingana na bunduki, na maji yale yaliwaunganisha watu wa makabila mengi waliokuwa hawajawahi kusimama pamoja. Risasi hazikugeuka maji, na waliokufa ni wengi mno. Yote mawili ni kweli. Ukitaka kumzuia mtu, mpe kwanza kile alichokifuata. Muulize analalaje. Ngoja ajibu. Kaa saa mbili.

Kwa wifi nilikwenda mwenyewe, baada ya matibabu kuisha. Nilimweleza kila kitu, hadi kete. Alisikiliza akikunja na kukunjua ukingo wa kitambaa cha meza, kisha akauliza swali moja tu: kati yangu na mama, nani alimtaja kwanza. Nikamwambia hakuna aliyetaja, tuliangaliana tu. Akanyamaza kwa muda mrefu. Tunasalimiana sasa, watoto wanatembeleana, na sikukuu anakuja. Akifika hukaa kiti kile cha karibu na mlango.